Nani Aanze Kujengewa?



Sisi tukaao Ganako twajua ya kuwa nchi yetu si nchi iliyotulia. Twalima ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ngorongoro na Oldeani ni milima iliyozaliwa kwa moto, na wengi wetu twaukumbuka mwezi wa Julai mwaka 2007, vyombo vilipogongana kabatini siku nyingi kwa matetemeko, kabla Oldoinyo Lengai haujaanza kutoa moto na majivu mwezi wa Septemba. Wakati ule nyumba zetu zilisimama. Tangu hapo wenzetu wa mahali pawili hawakupona hivyo, na kwa ajili yao swali limetuingia moyoni ambalo hatukulijibu vema mara ya kwanza. Ndilo twataka kuwaletea.

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, nchi ya Kagera ilitikisika kwa tetemeko la kipimo cha 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, hasa zile za matofali ya udongo zisizo na nguzo za kuzishika. Shule ya Ihungo, iliyosomesha vijana wengi tangu zamani, iliharibika hata ikabidi ijengwe upya. Mwezi wa Januari 2017 Rais John Magufuli aliwaambia watu wa Bukoba kwamba serikali itayasimamisha tena majengo ya wote, kama shule na hospitali, lakini haiwezi kumjengea kila mtu nyumba yake. Wengi walihuzunika. Hatukusudii kulipima neno lile hapa. Twasema tu kwamba maelfu ya kuta zilibaki mikononi mwa wenyewe, na mikononi mwa ndugu na jirani waliokuja kwa hiari yao na majembe.

Mahali pa pili ni karibu nasi zaidi. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, nayo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope na mawe na magogo vilishuka kutoka mlima Hanang vikaingia Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengine walidhani mlima umelipuka kama Lengai; wataalamu wakasema sivyo, bali ubavu wa mlima, mawe yake yakiwa yamelowa mvua nyingi, ulimeguka ukafuata mabonde ya mito. Wale ambao mahali pao hapakufaa tena walijengewa nyumba zaidi ya 100 huko Waret, na serikali pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu. Lakini palikuwapo na wengine, ambao nyumba zao zilijaa tope hata madirishani, au kupoteza ukuta mmoja, au jiko, au zizi. Hao walihitaji mabeleshi na watu wa kuyashika.

Wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Bwana wetu aliwataja mwenyewe, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine, naye aliwageuzia swali wasikilizaji wake. Kwa hiyo tusikawie hapo. Mtu akisema juu ya tope la Hanang kwamba watu wale walimkosea Mungu kuliko sisi, mwalimu amwonyeshe Luka mlango wa 13, kisha ampe beleshi.

Swali letu ni hili: wasaidizi wakiwa wachache na mabati machache, nani aanze kujengewa?

Usharika wetu ulikusanya mahindi, maharagwe, nguo, misumari na mabati kidogo. Vijana sita walijitoa kwenda kwa njia ya Mbulu na Dareda. Tukaandika orodha ya watakaosaidiwa, na katika orodha ile tulitia safu ya namba ya kadi ya usharika. Hatukuona haya. Tulisema: Mtume Paulo amewaandikia Wagalatia watende mema kwa watu wote, na zaidi kwa wale wa nyumba ya imani. Basi, nyumba ya imani kwanza, wengine baadaye kama kitu kikibaki. Tulijua vema ya kuwa kitu hakingebaki.

Hatuthubutu kusema Paulo alikosea. Walakini twaona sasa ya kuwa tulimsoma kama mtu atafutaye ruhusa. Paulo yule alizunguka Makedonia na Akaya akiwachangisha Wayunani maskini kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, watu wa kabila nyingine na lugha nyingine, ambao wengi wao hata kula pamoja na Myunani kuliwatia mashaka. Kwake nyumba ya imani ilikuwa neno la kubomoa boma. Sisi tulilitwaa tukajengea boma. Na huko Hanang boma lile lingepita katikati ya watu wachotao maji mto mmoja: Wairaqw na Wadatoga, waliobatizwa na wasiobatizwa, ambao tope halikuwauliza kadi.

Tena Nehemia hakutuachia nafasi. Mlango wa 3 wa kitabu chake wasomaji wengi huuruka, kwa kuwa ni majina matupu. Usomeni polepole. Hapo wafua dhahabu na wafanya manukato wanajenga ukuta. Hapo Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Na hapo wakuu wa Watekoa wanaandikwa kwa aibu, kwa kuwa hawakutia shingo zao kazini. Kuna orodha, ndiyo, lakini ni orodha ya waliofanya kazi. Katika vijana wetu sita mmoja alikuwa mfyatua matofali ambaye hakuonekana mezani pa Bwana miaka mingi, na wazee wawili walinung'unika kwamba tunamtuma. Ndiye aliyejua kuangalia ukuta uliopasuka na kusema huu utasimama, huu uangushwe kabla haujamwangukia mtoto.

Tulipofika tulimwendea kwanza mama mmoja mjane, Mlutheri wa zamani, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umekwenda. Alitupokea, akaomba pamoja nasi, kisha akauliza tumekuja kuanza wapi. Tukamwambia, kwako, mama. Akasema, “Hapana, Mchungaji. Mimi nalala kwa binti yangu. Anzeni kwa mzee yule,” akatuonyesha boma la Mdatoga, ng'ambo ya korongo, “ana wajukuu wanne, na usiku baridi ya mlima ni kali.” Tukamwambia kwamba mzee yule hayumo katika orodha. Akatutazama kama atazamavyo mama mtoto aliyesahau salamu, akasema, “Basi mwandikeni.”

Tulimwandika. Safu ya kadi ilibaki wazi mbele ya jina lake, na siku ile hatukuwa na neno la kumjibu yule mama, wala hatunalo leo. Twajua wako wasomaji watakaosema kwamba sadaka ya usharika ni ya usharika, na kwamba waliotoa walitoa wakidhani inawaendea wenzao wa imani. Neno hilo lina haki ndani yake. Aliyetoa asidanganywe. Ndiyo sababu tuliporudi tulisimama kanisani tukaeleza kila bati lilikokwenda, tukawaacha watu waseme. Wengine walisema kwa ukali. Juma lililofuata mahindi yaliletwa tena, magunia mengi kidogo kuliko ya kwanza, na mojawapo liliandikwa kwa mkaa, “la yule mzee.”

Ukuta wa mjane ulisimamishwa safari ya tatu, mwisho wa wote. Fundi alitaka mlango mpya ukabili barabara, apate kupokea wageni kwa urahisi. Mama alikataa, akataka ukabili mlima, ili mvua ikinyesha aweze kuutazama. Fundi akapima upya.