Mfuko wa Dharura na Haki ya Jirani

Wako wasemao kuwa kuweka maji na chakula kwa ajili ya msiba usiofika ni upungufu wa tawakkul. Hatuafikiani nao. Mtume wetu (S.A.W.) aliiwekea ahali yake chakula cha mwaka mzima. Hilo tuliache hapo, kwani liko zito zaidi.

Pwani yetu si ngeni wa misiba. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalivuka bahari yakaua watu hata huku kwetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia, baada ya onyo kutangazwa.

Sasa tazama onyo linapotangazwa. Mwenye fedha hukimbilia dukani akabeba madumu yote, mishumaa yote, betri zote. Kibarua anayelipwa jioni akifika, hakuna kitu, au bei imeruka. Je, hiyo ni tahadhari? Mwenye duka afichaye bidhaa angojee bei twamwita mlanguzi, na ihtikari ni haramu. Mnunuzi huyu twamwita mwerevu!

Akiba ya wakati wa wasaa haimpunguzii mtu kitu. Basi anza sasa, kidogo kidogo. Maji lita 4 kwa mtu kwa siku, siku 3: nyumba ya watu sita ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20. Tende, biskuti, tochi, redio ndogo ya betri, filimbi, dawa ya sukari ya bibi. Vyeti na hati ya nyumba vitie katika mfuko usioingia maji. Hivi ndivyo watu huvisahau, na kuvipata tena ni taabu tupu.

Na jirani? Usiku wa mafuriko akibisha mjane wa nyumba ya pili na wanawe, utamwambia maji yamehesabiwa? Ni kweli, masurufu ya watu wako ndiyo wajibu wako wa kwanza. Lakini kweli hiyo ni ngumu kuitamka na mlango uko wazi. Ndipo tunaposema, weka dumu la tano tangu leo. Tena mwambie mapema kuwa lipo, asije akaona haya kubisha.

Maji yabadilishwe kila miezi sita. Tende zitolewe Ramadhani, watu wafuturu, ziwekwe nyengine.