Sodo, Kitambaa au Kikombe: Je, Tumweleze Binti Yote?

Swali la mwezi huu laweza kuonekana dogo, tena la aibu kidogo kusomwa mbele ya wakwe. Binti anapoanza kwenda mwezini, je, wazazi wamweleze vitu vyote vinavyotumika kujihifadhi, au wamwonyeshe kile kimoja walichokichagua wao na kunyamazia vingine? Wengi wetu hunyamaza, na tukisha kunyamaza twajiona wazazi wema.

Mama mmoja na mumewe walinijia baada ya mkutano wa jumuiya wakiwa hawaelewani. Binti yao wa kidato cha pili alikuwa amesikia kwa wenzake habari za kikombe cha hedhi, akamwuliza mama yake. Mama akamjibu kwamba hicho ni cha wanawake walioolewa. Baba, ambaye ndiye hununua sodo za binti kila akienda sokoni, alitaka kujua kama jibu hilo ni la kweli. "Mwalimu," mama akaniambia, "huo si uongo. Hayo ni malezi."

Yafaa tulipime jibu hilo. Mzazi ana haki ya kukataza, na ana haki ya kuchagua wakati wa kusema. Mtoto wa miaka 6 haelezwi kila kitu. Lakini kukataza ni jambo moja, na kubuni sababu isiyo ya kweli ni jambo jingine. Vikombe hivyo hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na wasichana ambao hawajaolewa huvitumia. Hapa kwetu Kenya, huko Siaya, wasichana wa shule wa miaka 14 hadi 16 walishiriki katika utafiti ambamo baadhi yao walipewa vikombe na wengine sodo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Binti akija kuyasikia hayo kwa mtu mwingine, hatapoteza imani na mama yake juu ya kikombe peke yake. Siku atakapoambiwa na mama huyo huyo jambo zito juu ya wavulana, atajiuliza kama nalo limebuniwa.

Mama alikuwa na hofu ambayo hakuitaja mpaka nilipouliza. Aliogopa ubikira wa mtoto. Hofu hii yastahili heshima, nami sitaicheka. Ni kweli kwamba kitu kinachoingizwa ndani chaweza kunyoosha au kuchana kile kingozi kiitwacho kizinda. Vivyo hivyo michezo yaweza, na wapo wasichana ambao kizinda chao ni chembamba au kidogo tangu kuzaliwa. Lakini ubikira haukai kwenye ngozi. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, alichoanza kukiandika yapata mwaka 413, anatoa mfano wa mkunga aliyemchunguza msichana kwa mkono na kumharibu, na anaona ni upumbavu kudhani kwamba msichana huyo alipoteza chochote cha utakatifu wake. Kama hilo lilikuwa wazi wakati ule, sisi tusimfundishe mtoto kwamba usafi wake wa moyo waweza kuondolewa na kipande cha pamba.

Basi tumweleze nini? Sodo za kutupa ni rahisi kutumia na hazihitaji kufuliwa, lakini hununuliwa kila mwezi, hubadilishwa kila baada ya saa chache, na nyingi zina plastiki ndani, hivyo kuzitupa ni shida. Sodo za kitambaa hufuliwa na kutumika tena kwa mwaka au zaidi. Zinataka maji safi, sabuni na jua, na hapo kwenye jua ndipo penye matata. Msichana akiona haya huzificha chini ya godoro, zikabaki na unyevu, naye akaanza kuwashwa. Baba anayelalamika kuona vitambaa hivyo kwenye kamba ajue kwamba anamdhuru bintiye.

Tamponi huingizwa ndani, na ibadilishwe baada ya saa 4 hadi 8, isizidi hapo. Ikiachwa muda mrefu yaweza kuchochea sumu ya bakteria mwilini, ugonjwa ambao ni nadra lakini huua. Dalili zake ni homa ya ghafla, kutapika, upele na kizunguzungu. Ulivuma sana Marekani mwaka 1980. Kikombe cha silikoni hukaa hadi saa 12, huchemshwa kati ya mwezi na mwezi, na kikitunzwa chaweza kudumu hata miaka 10. Bei yake ni kubwa kwa mara moja, wengi huhitaji miezi kadhaa kukizoea, na ugonjwa ule umewahi kuwapata watumiaji wake pia, ingawa ni wachache sana. Tena bweni lisilo na maji ya kunawa mikono si mahali pa kujifunzia kikombe.

Labda mtasema kazi hii ni ya shule. Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 ikaagiza kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bure. Ni jambo jema, lakini anayepewa kitu kimoja hajaambiwa kwamba viko vingine. Wako pia wanaokuja shuleni kufundisha habari za hedhi huku wamebeba maboksi ya bidhaa yao. Si watu wabaya. Ila mwenye duka hamtumi mteja kwa jirani. Mzazi hauzi kitu, ndiyo maana neno lake laweza kuwa huru kuliko la hao wote, mradi ajihadhari na vile anavyolinda yeye: mfuko wake, hofu yake na maneno ya majirani.

Wala hatakiwi kuficha maoni yake. Ayaseme baada ya maelezo, na ayaite maoni. Mama aweza kusema, "Mwanangu, hivyo ndivyo vilivyo. Mimi ningependa utumie kitambaa, kwa sababu pesa ni kidogo mpaka tuuze mahindi." Hapo binti amepata ukweli na shauri pia, na anajua kipi ni kipi.

Yule baba aliniuliza swali la mwisho, mkewe akisikiliza: "Na akichagua kile tusichokipenda?" Nikamwambia wamtajie bei, wamweleze wanachoweza kulipa mwezi huu na wasichoweza. Kama pesa ipo na hakuna hatari kwa afya yake, wamnunulie. Kama haipo, wamwambie haipo, wasimwambie kuwa ni kibaya. Na mama akae naye siku ile ya kwanza, maana akishindwa nacho anaweza kurudia sodo mwezi ujao.