Taa Haioshi Mguu

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa majumbani siku hizi limo moja ambalo wazee wetu hawakuulizwa. Mtu mwenye mguu uliovimba kwa matende, au mwanamke aliyevimba mkono baada ya kukatwa titi kwa saratani, akinunua taa ya mwanga mwekundu na kujimulika chumbani kwake, je, anafanya jambo la akili au anajidanganya? Na mtoto anayemnunulia mama yake taa hiyo, je, anamtendea wema, au anajikomboa katika wajibu wake kwa fedha?

Swali hili si la daktari peke yake. Daktari atatueleza taa inafanya nini na haifanyi nini. Lakini ni nani mwenye dhamana ya mguu wa mzee, na ni tumaini gani linalofaa kupewa mgonjwa, hayo ni maswali ya tabia na ya dini, na kila nyumba yenye mgonjwa huyajibu kwa vitendo vyake, ikiwa inajua au haijui.

Tuchukue mfano. Kizota ni kata iliyo upande wa magharibi wa mji wa Dodoma, penye maghala ya nafaka na njia kuu iendayo Singida. Tangu mwaka 1973, lilipokatwa shauri la kuhamishia makao makuu Dodoma, na khasa baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhama kwa nguvu, watu wengi wa pwani wamekwenda huko kwa kazi zao, na baadhi yao wamewachukua wazee wao wakakae nao. Tuseme basi yuko mama mmoja wa Pangani anayeishi Kizota kwa mwanawe. Mguu wake wa kushoto umevimba kwa miaka mingi. Mwana ameona tangazo la taa, amekusanya fedha, na taa imefika. Anasema, "Shikamoo mama. Taa yako hii. Utajimulika dakika ishirini kila siku, wala hutakuwa na haja ya kumsumbua mtu." Mama anajibu, "Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie."

Hapana mtu mbaya katika mazungumzo hayo. Mwana anampenda mama yake, na mama anamshukuru mwanawe. Lakini limo neno moja la kulitazama sana, nalo ni hilo la mwisho: "wala hutakuwa na haja ya kumsumbua mtu." Tutalirudia baada ya kuujua ugonjwa wenyewe.

Watu wa pwani tunayajua matende na mabusha kwa macho, lakini khabari zake tumezichanganya na mengi. Wengine husema mabusha huletwa na madafu, na wengine husema mguu hutendwa na hasidi. Ukweli ni kwamba ni minyoo myembamba kama uzi inayoingizwa mwilini na mbu. Mwaka 1877, huko Amoy nchini China, daktari Patrick Manson aliona kwamba mbu aliyemnyonya mgonjwa huchukua vijidudu vya minyoo hiyo. Minyoo ikishakua hukaa katika mishipa ya limfu, yaani mishipa midogo inayoyarudisha kwenye damu maji yanayobaki katikati ya nyama za mwili, na inayopitia kwenye zile tezi ambazo zikivimba kinenani twaziita mitoki. Mishipa hiyo ikiharibika, maji hayana pa kupita, na mguu huvimba. Mkono wa mwanamke aliyetibiwa saratani ya titi huvimba kwa sababu iliyo jirani na hiyo: tezi za kwapani zimeondolewa au zimeunguzwa kwa mionzi, na njia ya maji imeziba.

Tanzania Bara ilianza mwaka 2000, kwa kuanzia Mafia, kuwapa watu wote dawa za kumeza za ivermectin na albendazole, na Zanzibar ikafuata mwaka 2001. Dawa hizo ni neema kubwa, maana huua vijidudu vilivyomo katika damu, na mbu hapati tena cha kumpelekea jirani. Lakini haziurudishi mguu uliokwisha kuvimba ukawa kama zamani. Basi aliyevimba kabla ya dawa hubaki na mguu wake, na hapo ndipo taa inapopata mlango wa kuingilia.

Tusiikejeli taa kwa pupa. Kwamba mwanga unatibu si uzushi. Niels Finsen, daktari wa Denmark, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Katika hospitali zetu mtoto mchanga mwenye manjano hulazwa chini ya taa ya buluu, na manjano hupungua. Mwaka 1967, mjini Budapest, Endre Mester aliwamulika kwa leza nyekundu panya walionyolewa, akaona nywele zao zinarudi upesi. Na mwaka 2006 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliruhusu chombo kimoja cha leza kitumike kwa mikono iliyovimba baada ya kukatwa titi.

Lakini tusome kwa makini. Chombo kile kilichoruhusiwa hutoa mwanga wa nanomita 904, ambao jicho la mwanadamu halioni wekundu wake wala rangi yake yoyote. Hutumiwa kwa kipimo, mahali maalumu pa mwili, pamoja na bandeji na mazoezi. Utafiti uliofuata uliwaonyesha baadhi ya wagonjwa wakipata nafuu, lakini wengi wa watafiti walipima watu wachache, na matokeo yao hayakulingana. Kutoka hapo mpaka kusema kwamba taa yoyote nyekundu ya dukani itauponya mguu wa matende ni safari ndefu, na muuzaji huivuka kwa neno moja. Mwanga wa buluu umemfaa mtoto wa manjano, lakini hakuna aliyesema kwamba kila taa ya buluu ni dawa. Mwanga ni kama dawa nyingine, una aina yake, kipimo chake na ugonjwa wake.

Tena iko taa nyekundu ya namna nyingine, ile ya kuwapa joto vifaranga. Asiyeweza kununua taa ya tangazo anaweza kushawishika kusema kwamba wekundu ni wekundu, akaufunga mguu wake chini ya taa ya vifaranga. Hiyo ni khatari. Taa ile kazi yake ni joto, na joto huuongezea uvimbe mguu wa namna hii. Ngozi iliyokuwa nene huweza kuungua kabla mwenyewe hajasikia maumivu, na kidonda katika mguu wa matende si kidonda cha mchezo.

Kwa nini tunasema hivyo? Kwa sababu kinachoukuza mguu mwaka hadi mwaka si minyoo peke yake. Ni vijidudu vingine vinavyoingia kwa nyufa za ngozi, baina ya vidole na kisiginoni, vikaleta homa, baridi na maumivu makali. Kila homa ya namna hiyo ikipita huuacha mguu mkubwa kuliko ulivyokuwa. Na Dodoma ni nchi kavu yenye vumbi, magaga ya miguu ni mengi, na kila gaga ni mlango ulio wazi.

Dawa ya kufunga milango hiyo ni ya kushangaza kwa unyonge wake. Mguu uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni, taratibu, baina ya kila kidole na chini ya kila kunjo la ngozi. Ukaushwe vizuri kwa kitambaa safi, khasa baina ya vidole. Uinuliwe mtu akikaa na akilala. Kifundo kichezeshwe juu na chini. Mgonjwa avae viatu visivyobana, na kila mchubuko utibiwe mapema. Huko Recife nchini Brazil, daktari Gerusa Dreyer na wenzake waliwakusanya wagonjwa katika vyama vyao wakafundishana mambo haya, na homa zile zikapungua. Sisi Waislamu tunaosha miguu yetu kwa udhu mara nyingi kwa siku, na tumefundishwa kupitisha kidole baina ya vidole. Lakini udhu hautoshi kwa mguu huu, maana hauna sabuni, na mwenye matende akiacha maji baina ya vidole huota ukungu na ngozi ikapasuka. Asichoke kujikausha baada ya kila udhu. Na mwenye kidonda kilichokatazwa maji, sharia ina rukhsa yake, aiulize kwa mwenye elimu.

Sasa turudi kwenye neno la yule mwana. Kuosha mguu uliovimba si kazi ya mtu mmoja. Mama mtu mzima hawezi kuinama akafika kidole cha mwisho. Yataka ndoo ya maji, na maji ya Dodoma, yatokayo visima vya Mzakwe, hayafiki kila bomba kila siku, kwa hiyo lazima mtu mmoja nyumbani aiweke akiba ndoo ya bibi kabla ya kufua nguo. Yataka mkono wa mtu, jicho la mtu, na pua ya mtu isiyokunjwa. Taa haitaki lolote katika hayo. Taa yataka waya na mlango uliofungwa. Na hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini tunaipenda: inauficha mguu. Mama anaona haya mkwewe auone, mkwe anaona kinyaa wala hasemi, mwana ana shughuli, na taa inawasitiri wote watatu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Stara ni jambo jema, lakini stara inayomwacha mgonjwa peke yake na mguu wake si stara, ni kumtupa kwa adabu.

Atasema mtu, "Mbona fulani alijimulika, na mguu ukapungua?" Huenda ni kweli. Lakini tutazame alifanya nini. Alikaa dakika ishirini kila siku, mguu ameuinua juu ya kiti. Kabla ya hapo aliuosha, maana mtu hapendi kumulika uchafu. Mguu ulioinuliwa hupungua hata gizani. Taa imepokea shukurani ya kiti na sabuni. Anayetaka kujua haki ya jambo hili achukue futi ya fundi cherehani, aupime mguu asubuhi siku moja ya kila wiki mahali pale pale, aandike. Mwezi mmoja aoshe na ainue bila taa, na mwezi wa pili aongeze taa. Hesabu haina upendeleo.

Je, basi tumkataze mama asijimulike? Hapana. Dini yetu inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na kutafuta ni katika adabu ya mja. Lakini mwenye kutafuta ajiulize mambo matatu. Kwanza, je, kitu hiki kina madhara? Aliyepata saratani asijimulike mpaka amemwuliza daktari wake. Na mguu uliopata moto na maumivu pamoja na homa, au uliovimba ghafla upande mmoja, upelekwe hospitali siku ile ile, kwani huenda ni vijidudu au damu iliyoganda. Pili, je, kitachukua mahali pa kile kinachojulikana kuwa chafaa? Taa ikiwa juu ya kuosha, ni ziada. Ikiwa badala ya kuosha, ni khasara. Tatu, je, fedha zake ni haki ya nani? Fedha za taa zingeweza kununua sabuni, viatu, na nauli ya kwenda hospitali.

Na muuzaji naye asijione hayumo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuonya kwamba anayewatibu watu hali haijui elimu ya utabibu ana dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mgonjwa wa miaka mingi ni kama mfa maji, haachi kutapatapa, na kumwuzia uongo mtu wa hali hiyo ni dhuluma mbili, ya mali yake na ya tumaini lake. Tumaini la mgonjwa ni amana. Anayelitumia vibaya leo humfanya kesho asiamini hata neno la kweli.

Wengine husema dawa ya hayo yote ni subira. Twasadiki, lakini tusiibadilishe maana ya subira. Nabii Ayub, amani imshukie, anatajwa kuwa kilele cha subira, naye hakunyamaza. Alimwomba Mola wake, akaamrishwa aupige mguu wake chini, yakatoka maji ya kuogea na ya kunywa. Hatusemi kwamba kisa hicho ni somo la matende. Twasema tu kwamba subira yake ilikuwa na dua na kitendo, na kwamba hakudharau maji.

Basi, ewe mwana uliye Kizota, au Tanga, au Mombasa, au Maskati, ukiwa umekwisha kuinunua taa usiitupe, wala usimvunje moyo mama yako. Lakini jioni, kabla hajaiwasha, mletee beseni na sabuni, ukae chini, uushike ule mguu ambao ulikwenda kisimani kwa ajili yako, uuoshe kidole baada ya kidole na uukaushe. Kama huwezi kila siku, pangeni zamu, wajukuu nao wafundishwe, wakue wakijua kwamba mguu wa bibi si siri wala si laana. Baada ya hapo akitaka kuwasha taa yake na aiwashe, usimkataze.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe sisi mikono isiyoona kinyaa. Amin.