Nani Anazungusha Mpini?

Kusifu vyombo vya zamani vya jikoni kumekuwa rahisi. Ukila mchicha wa karanga Kilosa mjini, au ukishuka kwenye vibanda vya chakula vya Mikumi kando ya barabara kuu ya Iringa, hutakosa mtu wa kukwambia kwamba karanga za blenda hazina ladha. Karanga ni zile za mashine ya mkono. Kuhusu ladha sina ubishi. Ninachojiuliza ni hiki: je, chakula kinaweza kuwa kitamu mezani huku kikiwa dhuluma jikoni?

Mashine yenyewe wengi mnaifahamu. Ni ya chuma kizito, inafungwa ukingoni mwa meza kwa skrubu. Juu ina mdomo mpana wa kumiminia karanga, ndani kuna chuma chenye umbo la parafujo kinachozisukuma hadi kwenye sahani mbili zenye meno, na kando kuna mpini wa kuzungusha. Ukizikaza sahani zikaribiane, karanga hutoka laini zaidi, na mkono huchoka zaidi. Blenda hukatakata kwa kasi, na karanga kavu huganda pembeni hadi uzime, ukwangue, uwashe tena. Mashine ya mkono husaga polepole, mafuta yakatoka taratibu, na chengachenga kidogo zikabaki. Ipo pia ndugu yake ya kusagia nyama, ambayo mwezi wa Ramadhani hutolewa kabatini kwa ajili ya sambusa na kuazimwa nyumba hadi nyumba.

Bibi yangu, Kilosa, alikuwa na ile ya karanga. Tulikuwa wajukuu saba, wasichana watatu na wavulana wanne. Mpini uliijua mikono ya wasichana tu. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo. Ilikuwepo tu, kama ukuta wa nyumba. Siwezi kusema yalikuwa mateso matupu. Mmoja alimimina, mmoja alizungusha, mmoja alishika beseni, na habari nyingi za ukoo nilizipatia hapo, maana mashine ile haina kelele ya kuzima mazungumzo. Lakini mazungumzo yenyewe yalikuwa ya waliokuwa kazini. Wengine walikuwa uwanjani, wakisubiri kuitwa kula.

Miaka ikapita, tukatawanyika. Aliyebaki na bibi ni dada yetu mkubwa, binti wa mama mkubwa. Mwaka jana aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba bega linamuuma, anaomba tuchange blenda. Kaka mmoja aliyeko Dar es Salaam akajibu kwamba mashine ile ni urithi, tusiue asili yetu. Dada akamjibu kwa mstari mmoja: “Basi kaka, njoo uisage hiyo asili.” Kundi likanyamaza siku mbili.

Naamini kaka alikuwa mkweli. Anaipenda kumbukumbu ile. Ila alichokuwa akikitetea ni ladha ya utoto wake kwa gharama ya bega la mtu mwingine. Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilikwisha kusema wazi kuwa wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, huku wanaume wa vijijini wakiwa kama watu walio likizoni nusu ya maisha yao. Tumelisoma darasani, tukalijibu kwenye mtihani, kisha tukarudi nyumbani kusubiri chakula.

Je, jibu ni umeme? Miaka 2,000 hivi iliyopita mshairi wa Kiyunani, Antipater wa Thesalonike, alikisifu kinu kinachozungushwa na maji kwa sababu kingewaacha wanawake wasagaji walale alfajiri. Tumaini hilo sisi tunalo jirani kabisa. Reli ya tawi inayotoka Kilosa hupita Mikumi na kuishia Kidatu, na hapo Kidatu maji ya Mto Ruaha Mkuu yamekuwa yakizungusha mitambo tangu 1975. Mitambo minne, megawati 204, na nyaya kubwa zinazopeleka umeme Morogoro na Dar es Salaam. Lakini Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Katika miaka hiyo yote ya katikati, maji yalisaga, ila waliolala si wanawake wa vijiji vya karibu na maji. Leo treni ya umeme inapita Kilosa, na bado ziko nyumba zisizomudu hata bei ya blenda. Kwa hiyo umeme nao unaulizwa swali lile lile: mpini umeondolewa mkononi mwa nani, na umebaki mkononi mwa nani?

Mikumi, ninakofundisha, naishi peke yangu. Nina blenda, na nina mashine ya mkono niliyoinunua mnadani. Jumamosi nikitaka kisamvu cha karanga natumia ya mkono. Nikichoka, naacha. Uwezo huo wa kuacha ndio dada alioukosa. Mzunguko ni ule ule, karanga ni zile zile, lakini yangu ni starehe na yake ilikuwa amri. Ndiyo maana siamini kwamba wema au ubaya umo ndani ya chuma chenyewe.

Hata hivyo mashine ya mkono ina jambo moja ninaloliheshimu: haifichi. Ukiigusa tu, unajua kibaba kimoja cha karanga zilizosagwa kinagharimu nini. Tena mpini wake haubagui. Wa kiume au wa kike, mzee au kijana, kila mkono unaenea. Kama haukugawanywa, tatizo si la mashine.

Blenda ilinunuliwa. Mashine haikuuzwa, bado imefungwa kwenye meza ya bibi, na kaka alipokuja likizo akatamani karanga za zamani, dada alimwekea beseni mbele yake. Alisaga. Hakuzungumzia asili tena, ingawa alisema ladha ni ile ile.

Wengi wetu tunaosoma haya tuna, au tutakuwa na, msichana wa kazi nyumbani. Mikono yetu itakuwa na kalamu na simu, na ya kwake itakuwa na mpini. Siku tukimwambia kwamba sisi hatupendi karanga za blenda, tutakuwa tumeamua jambo juu ya mwili wa mtu mwingine, na pengine hatutalitambua kwa kuwa tutakuwa tunazungumzia mboga. Anayetaka ladha ya mkono atumie mkono wake. Akishindwa, ale za blenda, ashukuru.