Ruzuku ya Pamba na Haki ya Mvuja Jasho

Serikali inapomlipa mkulima ili asilime, huzuka swali ambalo wanafalsafa wa haki huliweka chini ya mada ya ustahiki, yaani msingi unaompa mtu dai halali juu ya kitu: je, malipo hayo ni ya mwenye ardhi, au ni ya yule ambaye kazi yake imesimamishwa? Swali hili lilijitokeza kwa ukali katika kaunti ya Poinsett, jimbo la Arkansas nchini Marekani, baada ya Rais Franklin D. Roosevelt kutia saini Sheria ya Marekebisho ya Kilimo mnamo Mei 1933, sheria iliyokusudia kupandisha bei za mazao kwa kupunguza wingi wake sokoni. Mwaka huohuo takriban ekari milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zilifukiwa kwa plau katika majimbo ya kusini.

Sehemu kubwa ya pamba ya huko ililimwa na wakulima wa nusu, yaani watu wasio na ardhi wala zana, ambao mwenye shamba aliwapa nyumba, mbegu na nyumbu, nao wakamwachia nusu ya mavuno. Chini ya mkataba wa serikali na wenye mashamba wa 1934 na 1935, kila ratili ya pamba ambayo ardhi iliyopumzishwa ingezaa ililipiwa senti 3.5 kama kodi ya pango la ardhi, na kodi hiyo, panapohusika mkulima wa nusu, ilikuwa ya mwenye shamba peke yake. Malipo mengine ya senti 1 kwa ratili, yaliyokusudiwa kufidia upungufu wa bei, ndiyo yaliyogawanywa, na aliyeshika jembe akapata nusu senti.

Wapo wanaoutetea mgao huo kwa hoja kwamba mwenye shamba ndiye aliyebeba rehani na kodi za serikali. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba nusu ya mavuno mabaya ni hasara pia, na kwamba ardhi iliyopumzishwa haioni njaa, ilhali familia iliyokuwa ikiilima huiona.

Mafakihi wa Kiislamu, yaani wanazuoni wa sheria, walikwisha kukabili swali lililo jirani na hili katika zaka ya mazao. Shamba likikodishwa, Abu Hanifa aliona zaka inamlazimu mwenye ardhi. Malik, Shafi na Ahmad, ambao wa pili wao ndiye anayefuatwa zaidi katika mwambao wa Afrika Mashariki, waliiweka juu ya mpangaji, kwa kuwa mazao ni yake. Aidha, mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na yaliyonyweshwa kwa taabu na gharama hutolewa moja ya ishirini. Hukumu hizi hazikuwekwa kwa ajili ya ruzuku, na si haki kuzisemesha lisilo lao, lakini zinathibitisha kwamba umiliki wa udongo haumezi kila dai, na kwamba taabu ya mkulima huhesabiwa hata katika haki ya Mungu.

Mkataba wa pamba uliwataka wenye mashamba wabaki, kadiri iwezekanavyo, na idadi ya kawaida ya wapangaji, sharti lililolinda hesabu bila kuwalinda watu, kwa maana familia moja iliweza kufukuzwa na nyingine kuletwa, au mkulima wa nusu kugeuzwa kibarua asiye na fungu lolote. Julai 1934, karibu na mji wa Tyronza katika kaunti hiyohiyo ya Poinsett, wakulima weupe na weusi waliunda chama kimoja kupinga hali hiyo, jambo la ujasiri mkubwa katika eneo la ubaguzi. Februari 1935, wanasheria wa serikali waliolifasiri sharti hilo kuwa linawalinda watu walewale waliokuwapo shambani walifutwa kazi. Mahakama Kuu ya Marekani ilipobatilisha mpango wenyewe Januari 1936, shauri lilikuwa kati ya serikali na wasimamizi wa mali ya kiwanda cha nguo kilichofilisika, waliokataa kulipa kodi iliyogharimia ruzuku. Haki ya mkulima wa nusu haikuwa miongoni mwa hoja zilizoamuliwa.