TALENTA ILIYOFUKIWA NA WENGINE

Twaujua sana mfano wa talenta, ulioandikwa katika sura ya 25 ya Injili ya Mtakatifu Matayo. Wahubiri humkaripia yule mtumishi wa tatu, na ni haki, maana aliifukia talenta kwa mikono yake mwenyewe. Lakini tukipita katika vijia vya Mathare, Korogocho au Mukuru, huko Nairobi, twaona talenta nyingi zimefukiwa, wala si na wale waliopewa.

Mtoto wa Mathare hakuchagua kuzaliwa mbali na shule ya serikali. Mwaka 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, jambo lenye kusifiwa; walakini katika mitaa hii shule za namna hiyo ni chache, hata wazazi wengi, nao ni maskini, hulipa ada katika vishule vya mabati. Maji nayo huyanunua kwa madumu, kwa bei iipitayo ile ya tajiri mwenye bomba nyumbani. Aliye na kidogo ndiye atozwaye zaidi! Mtu amalizaye nguvu zake kutafuta maji na chakula cha jioni, ataifanyia talenta yake biashara saa ngapi?

Wengi wetu hudhani tumetimiza wajibu tukimpa mtoto wa njiani sarafu. Sadaka ni tendo jema, na Mungu apishe mbali tusije tukaidharau. Lakini sarafu peke yake humrudisha mtoto kesho mahali pale pale. Mjini Nairobi walikuwako watoto waliowaonyesha wenye magari mahali pa kuegesha ili wapate senti, na watu waliwaita chokora, jina la dharau. Padre Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, akawafanya rafiki zake, na mwaka 1973 akaanzisha chama kwa ajili yao, akakiita Undugu. Tulitazame jina hilo. Hakukiita Huruma wala Msaada.

Baadaye chama hicho kikawapatia masomo watoto waliokosa shule: miaka mitatu ya kusoma, kuandika na hesabu, kisha ufundi wa mkono. Tena vijana wakawekwa chini ya mafundi wa jua kali, maseremala na mafundi bati, wajifunze kwa kutenda. Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Mtaa uliosemwa kuwa hauna kitu ulikuwa na walimu ndani yake, wamekaa mbele ya vibanda vyao wakigonga nyundo, wala hakuna aliyewahi kuwaita walimu.

Basi, ndugu, yatupasa kuanza na kilichopo. Ziko parokia ambazo ukumbi wake hufungwa kwa kufuli tangu Jumatatu hadi Jumamosi, na huku mtoto wa jirani hana meza wala taa ya kusomea; halmashauri ya walei yaweza kuufungua jioni hii hii. Na fundi Mkristu mwenye karakana amtwae kijana mmoja tu wa mtaa wa jirani, asimdai ada, wala asimfanye mchukuzi wa mbao mwaka mzima, bali ampe randa mkononi tangu juma la kwanza.