Kiungo Kisichojaribiwa

Nguvu ya kiungo cha waya kilichobanwa kwa krimpa, yaani koleo maalumu la kubania teminali, haiwezi kuthibitishwa bila kukivunja. Anayetaka kujua kama teminali imeushika waya sawasawa hana budi kuuvuta mpaka uchomoke au ukatike, na ukishachomoka jibu limepatikana lakini kiungo hakipo tena. Hivyo kila kiungo kilichopimwa kimeishia kwenye vyuma chakavu, na kila kinachofanya kazi darini, ndani ya gari au nyuma ya paneli ya sola hakijapimwa. Kwa haki gani basi mtu husema kiungo fulani ni kizuri? Na wema wa kazi ambayo haitaonekana tena unakaa wapi: mkononi mwa fundi, kwenye chombo, kwenye kipimo, au kwa anayetazama?

Mfano wa kufaa ni konekta ya sola, ile ya plastiki nyeusi ambayo sasa imejaa kwenye mapaa ya Afrika Mashariki. Waya wake, mara nyingi wa milimita mraba 4, una nyuzi nyembamba za shaba hamsini na kitu. Fundi humenya ganda kiasi cha milimita 7 hivi, huzilaza nyuzi kwenye mdomo wa teminali, kisha hubana. Taya za krimpa hukunja mbawa mbili za mdomo ule na kuzizamisha katikati ya nyuzi. Nafasi zilizokuwa kati ya uzi na uzi hutoweka. Utando wa oksidi uliofunika metali hupasuka, na metali safi hugusana na metali safi mahali ambapo hewa haiwezi kupenya. Baada ya taya kuachia, teminali hubaki ikizikandamiza nyuzi kama springi isiyolegea. Kiungo cha namna hiyo huwa na ukinzani usiofika milliohm 1. Kikibanwa vibaya, ukinzani ukapanda hadi ohm 0.05, basi mkondo wa ampea 10 huzalisha humo wati 5 za joto, ndani ya plastiki isiyozidi unene wa kidole, kwenye jua la saa saba mchana. Joto hulegeza, kulegea huingiza hewa, hewa huongeza oksidi, na oksidi huongeza joto. Mkondo wa sola, kwa kuwa hauendi na kurudi kama ule wa gridi, hauna kile kituo cha sifuri kinachosaidia cheche kuzimika yenyewe.

Ugumu wa kwanza ni kwamba kubana vizuri si nukta moja. Mbano ukiongezwa kidogo kidogo, nguvu ya kushika hupanda, hufika kilele, kisha hushuka kwa sababu nyuzi zimeanza kukatwa na kuwa bapa. Ukinzani wa umeme nao hushuka kadiri mbano unavyozidi, na hufika uzuri wake pale ambapo nguvu ya kushika imeshapita kilele. Yaani teminali inayoshika kwa nguvu kuliko zote si ile inayopitisha umeme vizuri kuliko zote. Watengenezaji huchagua eneo la katikati na kuliandika kama kimo cha mbano, pamoja na upungufu au ziada inayovumilika. Aristotle alifundisha kuwa wema ni wastani kati ya kuzidi na kupungua, na akatahadharisha kuwa wastani huo si nusu ya kihesabu, bali hutegemea mtu na jambo lenyewe. Kwa krimpa tahadhari hiyo ni ya kweli kabisa: wastani wa waya unaotikisika kwenye injini si ule wa waya uliotulia ukutani. Ubora uliomo kwenye namba ya mtengenezaji tayari ni uamuzi wa mtu fulani kuhusu lipi la kuogopwa zaidi.

Krimpa ya mkono iliyo kamili imeundwa ili kuuondoa uamuzi huo kwenye kiganja cha fundi. Sehemu yake muhimu kuliko zote ni racheti. Fundi akishaanza kubana, mishikio haifunguki mpaka taya zifike mwisho uliowekwa. Akichoka katikati, chombo kinamsubiri. Koleo la kawaida halina sharti hilo, ndiyo maana kiungo cha asubuhi na kiungo cha jioni, vilivyobanwa kwa koleo na mkono uleule, si ndugu.

Kurekebisha krimpa kunaanza mahali hapo. Ubavuni mwa krimpa nyingi kuna kigurudumu kidogo chenye meno, alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili, na skurubu ndogo inayokizuia kisizunguke. Skurubu hulegezwa, kigurudumu husogezwa jino moja tu, skurubu hurudishwa. Ndani yake kuna pini isiyokaa katikati ya mhimili. Ikigeuka, taya hukutana karibu zaidi au mbali zaidi kabla racheti haijaachia. Kisha hubanwa sampuli kadhaa kwa waya uleule na teminali zilezile za kazi, si masalia ya kazi ya juzi. Kimo cha mbano hupimwa kwa mikromita yenye ncha, na sampuli nyingine huvutwa. Kwa waya wa milimita mraba 4, kiwango cha kimataifa cha IEC 60352-2 kinadai kiungo kivumilie angalau newton 310, zaidi kidogo ya uzito wa kilo 31. Namna ya kushindwa nayo huambia jambo: waya ukichomoka mzima, mbano ni haba, nyuzi zikikatika pale pale mdomoni kwa nguvu ndogo, mbano umezidi, au kisu cha kumenyea kiliziuma. Jino lingine, sampuli nyingine. Asiyependa kupoteza teminali kumi kwenye marekebisho kwa kawaida hupoteza konekta nyingi zaidi juu ya paa.

Mafundi wa ndege wana utaratibu mkali zaidi. Krimpa yao ya meno manne, inayojulikana kwa namba ya kijeshi ya Marekani M22520/1-01, ina kichaguzi cha namba 1 hadi 8 kinachoamua meno yaingie kina gani, na haichezewi hovyo. Hukaguliwa kwa geji yenye ncha mbili: taya zikiwa zimefungwa kabisa, ncha ya kijani sharti ipite na ncha nyekundu sharti ikatae. Nyekundu ikipita, krimpa huondolewa kazini na kupelekwa kwa wenye mamlaka ya kuisawazisha. Mwenye kuitumia hapewi ruhusa ya kujihukumu.

Hapo ndipo swali la pili linapochomoza. Kiungo kinaaminiwa kwa sababu ya krimpa, krimpa kwa sababu ya geji, geji je? Nayo hulika. Hupimwa kwa kipimo kilicho bora kuliko yenyewe, na hicho kwa kingine, mpaka maabara ya taifa. Kwa Tanzania, ni maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango. Ngazi inaishia wapi? Kwa muda mrefu iliishia karibu na Paris, kwenye ufito wa platini na iridiamu uliothibitishwa mwaka 1889 kuwa ndio mita. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953 baada ya kifo chake, alidai kuwa huo ndio kitu pekee ambacho mtu hawezi kusema kina urefu wa mita moja wala kwamba hakina, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima, si kupimwa. Saul Kripke alimpinga: ufito ule ungeweza kupata joto ukarefuka, kwa hiyo urefu wake ni jambo la kweli ambalo lingeweza kuwa vinginevyo. Meza ya fundi inaelekea kumpa haki Kripke, kwani hakuna chuma kinachosamehewa kulika. Wanasayansi wenyewe walikubali hilo kwa vitendo: mwaka 1960 waliuacha ufito, na tangu 1983 mita imefasiliwa kwa umbali ambao mwanga husafiri katika utupu kwa sekunde 1/299,792,458. Mwanga hauliki. Hata hivyo makubaliano ya kuutumia mwanga ni ya watu, na ngazi yote, kuanzia paa la nyumba hadi maabara, husimama kwa kila anayehusika kusema ukweli kuhusu alichokipima.

Uislamu ulilikuta suala hili sokoni. Kurani ina sura nzima, ya 83, inayofungua kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na sura ya 55 inataja mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu. Miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, afisa ambaye pamoja na mengine alikagua mizani na mawe ya kupimia. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alimwandikia sura katika kitabu chake cha sheria za utawala. Kazi hiyo leo, kwa upande wake wa mizani, inafanana na ile ya Wakala wa Vipimo wa Tanzania. Lakini muhtasib hakusimama nyuma ya kila kilo ya tende iliyouzwa. Aliithibitisha mizani, akaondoka, na mauzo yote yaliyofuata yalibaki kati ya muuzaji na Mola wake. Ukaguzi wa krimpa una mpaka uleule: unathibitisha chombo, hauthibitishi kitendo.

Je, kitendo hakiwezi kuthibitishwa kwa sampuli? Vivutwe viungo vitano katika mia, vikistahimili vyote, tisini na tano vilivyosalia viaminiwe. David Hume aliliuliza jambo hili mwaka 1748 kwa upana zaidi: ni hoja gani inayotuvusha kutoka yale tuliyoyaona hadi yale tusiyoyaona, isipokuwa mazoea? Jibu la kawaida la wahandisi, kwamba sampuli ni nyingi vya kutosha, halimjibu, kwa kuwa linachukulia tayari kwamba kesho itafanana na leo. Jibu lililo imara zaidi halihesabu sampuli bali hutaja visababishi: shaba ileile, taya zilezile, kimo kilekile, ndiyo sababu ya kutarajia matokeo yaleyale. Hume bado angeuliza tunajuaje kuwa visababishi havitabadilika tabia. Ila jibu hilo lina faida moja ambayo hesabu tupu haina: linaonyesha wapi pa kutilia shaka. Roli mpya ya waya yenye nyuzi nene kuliko ile ya kwanza, teminali za mtengenezaji mwingine, krimpa iliyoanguka kutoka juu ya ngazi. Kila moja ya hizo inaifuta sampuli ya jana, hata kama ilikuwa ya viungo elfu.

Linabaki suala la mkono. Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alitofautisha kujua kwamba jambo liko hivi na kujua namna ya kulitenda, na Michael Polanyi akaongeza kuwa binadamu hujua mengi kuliko anavyoweza kueleza. Ni rahisi kuhitimisha kwamba racheti imeupora mkono elimu hiyo na pamoja nayo wajibu: chombo kikibana sawa, fundi ana sifa gani, na kikikosea, ana lawama gani? Hitimisho hilo ni la haraka mno. Racheti inahakikisha jambo moja tu, kwamba taya zimefika mwisho wa safari. Italia na kuachia hata kama mdomo hauna waya, hata kama ganda limebanwa pamoja na shaba, hata kama nyuzi sita zilikatika wakati wa kumenya na zikafichwa mfukoni, hata kama teminali imewekwa kwenye tundu la taya lisilo lake. Katika krimpa nyingi za racheti kuna pia kidude kidogo cha dharura cha kuifungua racheti kabla ya wakati. Kimewekwa kwa nia njema, kwa ajili ya teminali iliyokaa upande. Kiungo kilichofunguliwa hivyo hukatwa na kutupwa. Kama kitatupwa kweli ni suala ambalo chombo hakina la kusema. Chombo kimechukua nguvu, hakikuchukua ushahidi, na wajibu wa fundi umehamia sehemu zile ambazo chombo ni kipofu.

Nazo ni sehemu za siri. Konekta ikishafungwa, hakuna mteja atakayeifungua. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anamweka Glaucon asimulie habari za mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, ili aulize kama kuna mtu ambaye angebaki mwadilifu akiwa nayo. Kofia ya konekta ni pete hiyo kwa bei nafuu. Hoja anayoitoa Glaucon ni kwamba watu hutenda haki kwa kuogopa kuonwa tu. Mafundisho ya Kiislamu ya ihsani, yaani kumwabudu Mungu ukijua kuwa anakuona, kama yalivyo katika Hadithi ya Jibrili, hayabishani naye juu ya tabia ya watu. Yanaikataa dhana yake kwamba kuna mahali pasipoonwa. Asiye na imani hiyo hutafuta msingi mwingine, mathalani haki ya atakayelala chini ya paa lile ya kutotumiwa kama sampuli. Njia hizo mbili hazifanani. Ya kwanza inahitaji shahidi wa sasa, ya pili inahitaji kumfikiria mtu asiyekuwepo, na kwa fundi mwenye viungo arobaini vya kumaliza kabla ya magharibi, ya pili ndiyo ngumu kuishikilia.

Viko vifaa vinavyopunguza siri hiyo. Kamera ya joto huonyesha konekta inayochemka, ila mkondo lazima uwe unapita, na mara nyingi madhara yameshaanza. Viwandani, mashine za kubana husoma nguvu ya kila mbano na kuchora mkunjo wake, kisha huulinganisha na mkunjo wa kuigwa. Kiungo kinachotoka nje ya mipaka hukataliwa papo hapo, bila kuvutwa. Inaonekana kana kwamba kitendawili kimeteguliwa, kwa kuwa sasa kila kiungo kimekaguliwa na bado ni kizima. Lakini mashine imeona nguvu, haikuona ushikaji wenyewe, na mkunjo wa kuigwa uliwekwa na watu waliobana sampuli, wakazivuta, wakazikata katikati na kuzitazama kwa hadubini.